Walisaini zaidi ya 100, shoka likamwangukia Dudley

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana nimesoma ile barua ya msomaji mwenzetu kuhusu John Dudley, yule Dyuki wa Northumberland wa Uingereza aliyetaka mkwewe Jane Grey awe malkia mwaka 1553, nikacheka, halafu nikaudhika, halafu nikaona nisipoandika sitalala. Mwenzetu anasema jamaa alikuwa mwizi wa taji, alimshika mkono mtoto mgonjwa, Mfalme Edward wa Sita, akamwandikisha karatasi ya urithi, akakamatwa, akakatwa kichwa, mchuma janga hula na wa kwao, basi. Yaani mambo yote yale ya ikulu yamefungwa kwa methali moja.

Mi sio profesa. Naishi mashariki ya London, nafanya kazi za zamu, na basi langu la asubuhi linapita Shoreditch, njia ileile aliyopita Dudley na wapanda farasi wake tarehe 14 Julai 1553 wakati anatoka mjini kwenda kumkamata Mary, binti wa Henry wa Nane. Watu walijaa pembeni ya barabara kutazama, wamenyamaza kimya, naye akamgeukia mwenzake akasema watu wanasukumana kutuona lakini hakuna hata mmoja anayetuambia Mungu awatangulie. Basi likikwama pale kwenye foleni huwa namkumbuka, maana nafikiri pale pale alishajua kaisha.

Ila huyu mtu humwelewi bila kuanza na baba yake. Edmund Dudley alikuwa mwanasheria wa Henry wa Saba, yeye na mwenzake Richard Empson kazi yao ilikuwa kuwabana matajiri na wakubwa, faini hapa, deni pale, na hela zinaingia kwenye hazina ya mfalme. Walichukiwa vibaya sana. Aprili 1509 mfalme akafa, akaingia kijana wa miaka 17, Henry wa Nane, anataka wananchi wampende, sasa njia gani rahisi kuliko kuwakamata wakusanyaji wa baba yake? Agosti 1510 Edmund na Empson wakakatwa vichwa pale Tower Hill, kilima kilicho nje ya Tower, ile ngome na gereza la London, na hela waliyokusanya haikurudi kwa wenyewe yote, nani arudishe. John alikuwa na miaka kama sita. Kwa hiyo kabla hajajua kupanda farasi vizuri alishajua kwamba mfalme anakutuma, na mfalme mwingine anakuua kwa kule ulikotumwa.

Akalelewa na Sir Edward Guildford, ambaye baadaye akawa baba mkwe wake, maana John alimuoa Jane binti wa nyumba hiyohiyo na wakazaa watoto 13, ingawa wengi hawakukua. Mwaka 1512 bunge likafuta lile doa la baba, mtoto akarudishiwa jina. Alipanda kwa upanga huyu, sio kwa ukoo. Alifanywa sir kule Ufaransa vitani mwaka 1523, alikuwa hodari wa michezo ya mikuki juu ya farasi ambayo Henry aliipenda kupita kiasi, 1542 akapewa ulodi wa Lisle, 1543 akawa mkuu wa jeshi la majini, na 1545 meli za Wafaransa zilipokuja mpaka mlangoni ni yeye aliyekuwa baharini, siku ile meli ya Mary Rose ilipozama Henry mwenyewe akiwa ufukweni anatazama.

Januari 1547 Henry akafa. Mrithi ni Edward, mtoto wa miaka tisa, na wosia umeacha watu 16 waendeshe nchi kwa pamoja mpaka kijana akue. Kwa pamoja hiyo haikuchukua hata wiki. Mjomba wa mtoto, Edward Seymour, akajifanya Mlinzi wa nchi na Dyuki wa Somerset, wenzake wakapoozwa kwa vyeo na mashamba, Dudley akapata ukuu wa Warwick. Walikuwa marafiki hawa wawili, walipigana pamoja Scotland, wanakula meza moja. Rafiki wa ikulu lakini.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo mwenzetu hakuligusa kabisa na mi naona ndo mzizi wa kila kitu: mwaka 1549, mkoa wa Norfolk. Wenye ardhi walikuwa wanazungushia uzio maeneo ya malisho ambayo zamani yalikuwa ya kijiji kizima, wanajaza kondoo wao kwa sababu sufu ina hela, na mwananchi wa kawaida ng'ombe wake wawili hana pa kuwapeleka. Sidhani kuna msomaji wa gazeti hili anahitaji kuelezwa hiyo inauma vipi. Julai watu wa Wymondham wakaanza kung'oa nyua. Wakafika mpaka kwa Robert Kett, na yeye alikuwa mwenye ardhi na uzio wake, badala ya kuita askari akawaambia mna haki, akang'oa uzio wake nao, akawaongoza. Wakapiga kambi Mousehold, juu ya mji wa Norwich, inakadiriwa watu 16,000, na kesi wakawa wanasikiliza chini ya mti wa mwaloni.

Jeshi la kwanza lililotumwa likafukuzwa. La pili likaja na Dudley, na mamluki wa Kijerumani. Tarehe 27 Agosti 1549 kwenye bonde la Dussindale wakauawa wakulima kwa maelfu, Kett akanyongwa Desemba na mwili ukaachwa unaning'inia kwenye ukuta wa ngome ya Norwich. Inasimuliwa kwamba wenye ardhi walipotaka wanyongwe wengi zaidi Dudley aliwauliza, sasa jembe la kukokotwa mtashika nyie wenyewe? Labda hiyo ilikuwa huruma, labda hesabu za mkulima tu. Nataka mkumbuke jina la Norfolk, tutarudi.

Mtu aliyetoka na jeshi na ushindi hawezi kurudi mjini akakaa nyuma ya mtu mwingine. Oktoba mwaka huohuo Somerset akaporomoshwa, usiku akamchukua mpwa wake mfalme mpaka Windsor kujificha, haikusaidia, na Februari 1550 Dudley ndo akawa Rais wa Baraza la Mfalme. Hapa simtetei hata kidogo. Alimfungua Somerset, akamrudisha barazani, Juni mtoto wake mkubwa akamuoa binti wa Somerset, wakacheza na wakanywa, na mwaka uliofuata, Oktoba 1551, Dudley anajipa udyuki wa Northumberland na siku chache baadaye Somerset huyo ndani. Mashtaka yalikuwa ya kuunga kwa gundi, eti alipanga kuwaalika wenzake karamuni awaue. Uhaini wenyewe ukashindikana mahakamani, watu nje wakashangilia wakidhani kaachiwa, kumbe kosa dogo zaidi limebaki na linatosha. Tarehe 22 Januari 1552 akakatwa kichwa, na mpwa wake mfalme akaandika kwenye shajara yake kwamba Dyuki wa Somerset kakatwa kichwa Tower Hill kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kama mtu anaandika mvua imenyesha. Somerset alikuwa mjomba wake wa damu.

Mtoto wa namna hiyo, mhariri, ndo mwenzetu anasema alishikwa mkono.

Ngoja niseme haraka na mazuri yake maana yapo. Alimaliza vita na Scotland na Ufaransa vilivyokuwa vinakausha hazina, Boulogne akairudisha kwa Wafaransa kwa malipo ya krauni 400,000, wakubwa wenzake wakaona aibu lakini hela ikaingia. Sarafu pia. Henry alikuwa kachanganya shaba kwenye fedha mpaka watu wakamwita Pua Shaba, kwa sababu sura yake kwenye sarafu ikisuguliwa fedha inatoka puani inabaki nyekundu, bei zikapanda hovyo, na ni serikali ya Dudley iliyokuja kuusimamisha mchezo huo, baada ya kuucheza yenyewe mara moja ya mwisho mwaka 1551. Na zile meli za Willoughby na Chancellor zilizoondoka Mei 1553 kutafuta njia ya kaskazini, Chancellor akajikuta Moscow kwa mfalme wa Urusi, yeye alikuwa mmoja wa waliozisukuma. Kichwa kilikuwepo.

Sasa karatasi. Mapema 1553 Edward akaanza kukohoa, akawa hapati nafuu. Kwa sheria ya bunge na kwa wosia wa baba yake anayefuata ni Mary, dada yake, Mkatoliki asiyetikisika, na Edward alikuwa Mprotestanti wa moto kweli, alishagombana na huyo dada kuhusu misa mpaka wote wawili wakalia machozi. Basi akakaa chini akaandika mpango wake wa urithi kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi hiyo ipo mpaka leo hapa London, kwenye maktaba ya wanasheria ya Inner Temple. Mary kafutwa, Elizabeth kafutwa, wote sababu ni ileile kwamba wamezaliwa nje ya ndoa halali. Kiti kiende kwa watoto wa kiume wa upande wa shangazi yao, ukoo wa kina Grey. Na hapo kwenye mstari kuna pahala palisomeka watoto wa kiume wa Jane. Shida ni kwamba huyo mtoto wa kiume hayupo, Jane ndo kwanza binti wa miaka kama 16. Mfalme anakufa na mrithi hajazaliwa! Basi pakakatwa, juu ya mstari yakaongezwa maneno mawili madogo, ikawa Jane na watoto wake wa kiume.

Maneno mawili. Na Mei hiyohiyo Jane alikuwa kaolewa na Guildford, mtoto wa Dudley.

Naelewa kwa nini watu wanaunganisha, hata mi ningeunganisha. Lakini angalia vitu hivi. Mpango ule ulivyoandikwa mwanzo haukumpa Dudley kitu cha kushika mkononi. Dudley mwenyewe miezi ya baridi ile alikuwa anaumwa, anamwandikia Cecil katibu barua za mtu aliyechoka na kazi. Na kubwa kuliko yote, hakumkamata Mary! Mtu anayepanga kuiba taji kwa miezi anamwacha mwenye taji anatembea mashambani huko na watumishi wake? Ingekuwa rahisi tu kumwita London mapema akafungiwa mlango. Mary alisikia kaka mtu anakata roho akatoroka kuelekea Norfolk, na Dudley akamtuma mwanawe Robert na farasi 300 wakati ndege kesharuka. Mi nasoma hapo mtu aliyeshtukizwa na kifo, anayetekeleza kwa haraka anachokitaka bosi wake, na ndiyo, nakubali, anachokitaka bosi kimegongana vizuri sana na faida ya familia yake. Kwamba alimhimiza mfalme sina shaka. Kwamba mpango aliubuni yeye, hapana.

Jaji mkuu Montagu alipoitwa alisema wazi kwamba hii itakuwa uhaini maana wosia wa Henry unasimama kwa sheria ya bunge. Aliyemkaripia mpaka akakubali ni Edward mwenyewe kitandani, wakubwa wamesimama wanasikia, ingawa na Dudley naye alimfokea hadi jaji akaogopa kipigo. Tarehe 21 Juni hati ikasainiwa na watu zaidi ya 100. Askofu mkuu Cranmer alisita sana, akasaini. Wakuu wa mikoa wakasaini. Cecil akasaini, baadaye akaja kusema alisaini kama shahidi tu. Jaji mmoja, James Hales, alikataa katakata, na huyo ndo angestahili barua nzima ya kwake.

Edward akafa tarehe 6 Julai Greenwich, miaka 15. Tarehe 10 Jane akatangazwa. Na cha kuchekesha, yule binti aliyesemwa ni kikaragosi wa Dudley jambo lake la kwanza ni kukataa kumfanya mume wake mfalme, akasema udyuki atampa, ufalme hapana, mama mkwe akanuna akamwambia mwanawe asilale naye. Wizi gani huo ambao mali ikifika nyumbani inakukatalia?

Mary alikuwa Kenninghall, halafu ngome ya Framlingham, yaani Norfolk na Suffolk. Umeona? Mahali pale pale ambapo miaka minne nyuma Dudley aliacha maiti za wakulima bondeni. Watu wakamiminika kwa Mary, wakubwa na wadogo, na wengi hata hawakuwa Wakatoliki. Wanahistoria wanabishana ni dini, ni sheria, ni damu ya Henry. Mi naamini na Dussindale ilikuwemo, mjane haulizi dini ya mtu anayempinga muuaji wa mumewe. Meli zilizokuwa Yarmouth kumzuia Mary asikimbie, mabaharia wenyewe wakageuka wakamlazimisha nahodha.

Na nani aende kupigana? Baraza lilitaka kumtuma baba yake Jane, binti akalia asiachwe na baba, basi wakamwambia Dudley wewe ndo ulishawahi kuwapiga kule, nenda wewe. Nadhani alijua. Aliwaambia kabla hajaondoka kwamba wakimsaliti Mungu atawalipa. Hazikupita siku tano. Tarehe 19 Julai wenzake wa Baraza wakakutana Baynard's Castle, nyumbani kwa Pembroke, mmoja wao, wakamtangaza Mary, mji mzima mioto na kengele. Pembroke huyu mwanawe alifunga ndoa na Katherine, mdogo wake Jane, siku moja na harusi ya Guildford, na upepo ulipogeuka akamtoa binti wa watu nyumbani kwake kama mzigo, na ndoa ikafutwa. Arundel, mkubwa mwingine wa Baraza ambaye Dudley alishamfunga na kumpiga faini, alikumbatiana naye wakati anaondoka na kumwambia angependa kufa miguuni pake, na ni Arundel huyohuyo aliyefika Cambridge kumkamata. Mweka hazina Winchester alitumikia Henry, Edward, Mary na Elizabeth, akafa mzee sana bado na cheo chake, na inasimuliwa walipomuuliza siri akajibu yeye ametokana na ule mti laini unaopindika, sio mwaloni.

Dudley kule Cambridge aliposikia alijaribu na yeye. Alisimama sokoni akamtangaza Mary, akarusha kofia juu, anacheka na machozi yanamtoka. Haikusaidia, tayari walishachagua wa kubebeshwa.

Kwenye kesi yake tarehe 18 Agosti Westminster Hall aliuliza maswali mawili ambayo mi huwa nayarudia kichwani. La kwanza, mtu aliyefanya kila kitu kwa amri ya mfalme na Baraza na kwa muhuri mkuu anawezaje kuwa mhaini? La pili, watu waliotenda nami jambo hilohilo, na kwa barua zao mimi nilitumwa, wanaweza kukaa kunihukumu? Wakamjibu kwamba muhuri ule haukuwa wa malkia halali, na kwamba kama hakuna hati ya mashtaka dhidi yao basi wao ni watu safi. Hilo jibu la pili, mhariri, hata ukilisoma mara ngapi.

Halafu akafanya jambo lililowavunja moyo Waprotestanti wote. Akarudi Ukatoliki, akaenda misa kwenye kanisa la Tower mbele ya watu, akasema amepotoshwa miaka 16. Wengi wanasema ni woga, na usiku wa mwisho alimwandikia huyohuyo Arundel akiomba maisha, akataja ule msemo wa Biblia kwamba mbwa aliye hai ni afadhali kuliko simba aliyekufa, akasema laiti malkia angempa hata maisha ya mbwa, abusu miguu yake. Hapo mwenzetu alimcheka. Mi siwezi kumcheka. Huyu aliona shoka la baba yake akiwa na miaka sita na alikuwa na wana watano ndani ya kuta zilezile, ningeomba hata maisha ya paka. Tarehe 22 Agosti 1553 wakamkata, pamoja na washirika wake Gates na Palmer, kilima kilekile cha baba. Katika wote wale waliosaini.

Guildford na Jane waliuawa siku moja, 12 Februari 1554, baada ya uasi wa Wyatt dhidi ya Mary ambao wao hawakuwa na mkono ndani yake. Kwa hiyo ndiyo, wa kwao walikula, hilo mwenzetu kapatia.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu pale Tower. Kwenye mnara wa Beauchamp kuna mchongo ukutani, dubu na simba na fimbo ya nembo ya Warwick, na kuzunguka pembeni maua na majani. Kauchonga John, mtoto mkubwa wa Dudley, alipokuwa mfungwa, na maua yale ni fumbo la majina ya ndugu zake wanne, Ambrose, Robert, Guildford na Henry, na chini kuna shairi linalomwambia anayepita ayatafute majina hayo. Shairi lenyewe mstari mmoja umeishia njiani. John alitoka Oktoba 1554 akafa siku hizohizo, Henry akafia vitani St Quentin 1557. Binti yangu alisimama pale muda mrefu ananionyesha lipi la nani, na kwa kuwa mwaloni kwa Kilatini ni robur, la Robert tulilijua kwa majani ya mwaloni.

Msomaji wenu,
London Mashariki